Jina la mtoto kutoka vitabu vya Kifaransa: adimu wapi, Lyon au Bukavu?

Dada mmoja wa Tanga anayeishi Lyon, mume wake mtu wa Bukavu, ameniandikia. Kwa kifupi anasema hivi: anatarajia kujifungua mwishoni mwa Aprili, hawajataka kujua ni wa kike au wa kiume, mume ameshikilia Merveille akiwa msichana na Trésor akiwa mvulana, yeye anaona hayo yamejaa kila nyumba ya Mkongo, anataka jina lililotoka kwenye kitabu cha Kifaransa au neno zuri la Kifaransa, lisiwe la kila mtu, na mama yake kule Tanga aweze kulitamka bila kung'ata ulimi. Ameandika yake matano: Cosette, Garance, Ondine, Nana, na la kiume Swann. Anauliza kama kuna lenye ubaya ndani yake na kama nina mengine.

Dada yangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mi nafundisha fasihi ya Kifaransa na swali hili wazazi wananiletea kila mara, na karibu wote wanaanza kama ulivyoanza wewe, "nataka jina adimu", sasa huwa nawarudishia swali, adimu wapi? Maana kwa kipimo chako mwenyewe mume wako anakushinda. Merveille ukiliita sokoni Bukavu watageuka watu kibao, sawa, lakini kwenye darasa la Lyon kuna uwezekano mkubwa Merveille akawa yeye peke yake mpaka amalize shule. Wakati Garance, hilo unaloliona geni, siku hizi kwa wazazi wa mjini wenye rafu za vitabu sebuleni limeshazoeleka, mwalimu wa chekechea hatakunja hata uso akilisoma.

Na kinyume chake kipo pia. Odette ni mwanamke anayemtesa mtu kwa wivu kwenye kazi kubwa ya Proust, na kwa Mfaransa wa leo ukisema Odette anamwona bibi mwenye shali na paka. Nenda Bukavu, Bujumbura au Kigali sasa, Odette ni dada wa ofisini tu, kijana, ana haraka zake. Apollinaire ndo kabisa, Ufaransa ni mshairi aliyekufa 1918 na watoto wanamsoma shuleni, hakuna anayemwita mwanawe hivo, kwetu Maziwa Makuu ni mzee wa parokia. Félicité, Espérance, Consolate, Immaculée, yote hayo mapadri na masista waliyaleta, huko kwao yakachuja huku yakachipua. Kwa hiyo usiangalie orodha za intaneti zinazosema "majina adimu ya Kifaransa", hazijui mtoto wako atakuwa anapanda ndege kwenda Tanga na Bukavu kila likizo.

Na hapa naomba nimtetee shemeji kidogo. Kumpa mtoto neno la kawaida la Kifaransa likawa jina, Wakongo wanaijua hiyo kazi kuliko Wafaransa wenyewe. We mtu wa Tanga unamkumbuka Fiston Mayele alivyokuwa anatetema na Yanga, hilo Fiston ni vile baba anavyomwita mwanawe, "kijana wangu", basi. Héritier Makambo, naye wa Yanga, ni mrithi. Trésor Mputu wa TP Mazembe ni hazina. Dieumerci Mbokani ni asante Mungu iliyogeuzwa nyuma mbele. Alafu kuna wanaobana sentensi nzima, Plamedi ni mpango wa ajabu wa Mungu umekatwa vipande ukaunganishwa, Glody ni utukufu wa Mungu, Gradi ni neema yake. Na usisahau hiyo nchi 1972 majina ya kizungu yalipigwa marufuku, Mobutu mwenyewe akaliacha Joseph-Désiré, yaani Désiré, aliyetamaniwa, akawa Sese Seko. Leo hayo majina yamerudi na yamerudi yakiwa yao, hakuna Mfaransa aliyewatungia Plamedi.

Ufaransa yenyewe ilikuwa imebanwa muda mrefu. Sheria ya 1803, ya enzi za Napoléon, ilisema mtoto aitwe jina lililo kwenye kalenda au la mtu anayejulikana wa historia ya kale, nukta. Karani wa manispaa akitaka kukubana anakubana. Ililegezwa kidogo 1966, na mlango ukafunguliwa wazi na sheria ya Januari 1993, tangu hapo mzazi anachagua anavyotaka na karani hana mamlaka ya kukataa, anachoweza ni kumtaarifu mwendesha mashtaka, naye akiona mtoto ataumia anapeleka kwa jaji wa mambo ya familia. Ndo ile kesi ya Valenciennes iliyosikika mwanzoni mwa 2015, wazazi walimwita binti Nutella, siku ya kusikilizwa hawakutokea, jaji akamwandika Ella. Mahakama hiyohiyo ikakataa Fraise, stroberi, kwa sababu kuna msemo wa mtaani wa "kuleta stroberi yako" maana yake kujileta mahali usipoitwa, mtoto angechekwa mpaka anazeeka. Wazazi wakachukua Fraisine, ambalo ni jina la zamani kabisa, na likapita. Naipenda hiyo kesi maana inaonyesha shida haikuwa ajabu ya jina, ni utani uliokuwa tayari unalisubiri.

Sasa tuje kwenye matano yako.

Nana nakuomba ulifute leo. Najua limekuvutia kwa nini, kwa Kiswahili cha zamani nana ni mwanamke wa heshima, mama yako atalipenda sana. Ila Ufaransa kwanza "nana" ni neno la vijana la demu, na pili ni riwaya ya Zola ya 1880, Nana ni Anna Coupeau, binti wa dobi Gervaise, anayekuwa kahaba wa matajiri wa Paris, anawafilisi mmoja baada ya mwingine na mwisho anakufa kwa ndui chumba cha hoteli, uso umeharibika hatazamiki, huku chini barabarani watu wanapiga kelele "Twende Berlin!" kwa vita ya 1870. Kwa jina la nyumbani, la kudekeza, liite tu, hakuna wa kukuuliza. Kwenye cheti hapana.

Ondine nalo nasema hapana ila kwa sababu ambayo orodha hazikuambii. Kwenye tamthilia ya Giraudoux ya 1939 Ondine ni kiumbe wa majini anayempenda knaiti, mwanaume akimsaliti anakufa, na yeye anasahau kila kitu. Zuri mno jukwaani. Lakini hospitali za Ufaransa "syndrome d'Ondine" ni ugonjwa wa mtoto ambaye akilala mwili unasahau kupumua, na we utakuwa umelala wodi ya wazazi na manesi wanasoma kibandiko kwenye kitanda cha mtoto. Hawatakwambia kitu, wataangaliana. Alafu na Tanga, bi mkubwa akiuliza maana ya jina utamjibu nini, jini wa baharini? Mtoto hajatimiza arobaini tayari shangazi wanatafutana kwa simu.

Cosette. Hili linaumiza kulikataa maana ni tamu mdomoni, Kozeti. Wengi hawajui kwamba hata kwenye Les Misérables si jina lake, Hugo anasema wazi mtoto anaitwa Euphrasie, ni mama yake Fantine aliyeligeuza kuwa Cosette kwa mapenzi, kama kila mama anavyovunja jina la mwanawe. Na Fantine mwenyewe hakuwa na jina la ubatizo, alizaliwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ambapo kanisa halikuwepo, mpita njia wa kwanza aliyemwona kachanga anatembea pekupeku ndo akamwita hivo. Mama huyo aliuza nywele zake kwa faranga 10, akauza na meno mawili ya mbele, ili apate cha kuwatumia wale wenye hoteli wanaomlea binti, ambao binti wenyewe wamemfanya kijakazi. Shida yangu si kwamba hadithi ni ya huzuni. Manon naye anakufa jangwani Louisiana kwenye riwaya ya 1731, Chloé wa Boris Vian anaota yungiyungi kwenye pafu na kufa, riwaya ya 1947, na bado Manon na Chloé yalijaa shule za Ufaransa miaka ya 1990, hakuna aliyekumbuka jangwa wala yungiyungi. Hayo majina yalishakua yakavitoka vitabu vyao. Cosette halijatoka. Ukimwita hivo kila mtu mzima atakayemwona binti yako Lyon ataona ile picha ya mtoto mdogo na ufagio mkubwa kumzidi kimo, ipo kila mahali, mpaka kwenye matangazo ya mchezo wa jukwaani, na Wafaransa wana kawaida ya kusema "masikini Cosette" mtu akilalamika kuosha vyombo. Sasa binti mweusi wa wahamiaji, katika nchi ile, na hilo juu yake? Mi nisingemtwisha. Kama unampenda sana yule mtoto basi chukua jina lake halisi, Euphrasie, adimu kwelikweli Lyon na Bukavu linaeleweka, Tanga watasema Efrazia na hakuna aliyeumia.

Garance halina ubaya wowote. Ni mmea, mizizi yake ndo ilitoa rangi nyekundu ya kutia nguo, suruali nyekundu za askari wa Kifaransa zilizowaponza 1914 kwa kuonekana mbali zilikuwa za rangi hiyo, na waliolipa mvuto ni filamu ya Carné ya 1945 ambayo maneno yake aliyaandika mshairi Prévert, mwanamke mkuu ndani yake anaitwa Garance. Nimeshakwambia Lyon si adimu tena. Kwetu tatizo ni masikio, Garansi, mjomba wa Kariakoo atauliza ni ya mwaka mmoja au miwili. Ni utani mwepesi, mtoto anaishi nao, ila ujue unakuja.

Swann mi naliunga mkono. Kwa Proust ni jina la ukoo, Charles Swann, bwana wa jamii ya juu anayependa michoro na kupenda mtu asiyemfaa, vitabu vyenyewe vilianza kutoka 1913. Kwamba ni la ukoo lisikusumbue, kwetu watoto wangapi wanaitwa Kennedy? Limeshaachana na kitabu, watoto wa Ufaransa wanaitwa hivo na wengi wa wazazi hawajafungua Proust hata ukurasa. Siku hizi wanapewa wa kike na wa kiume pia. Mama atasema Swani, n mbili zitakaa kwenye karatasi tu.

Alafu nataka nikuonyeshe kitu kwa sababu naona barua yako inazunguka hapohapo. Kwenye Madame Bovary ya Flaubert, iliyotoka kitabu 1857, kuna ukurasa Emma anatafuta jina la mtoto, na kwa mimi hakuna ukurasa wa kweli kuhusu hii kazi kama ule. Emma amesoma mariwaya mengi, mume ni daktari wa kijijini asiye na makuu. Kwanza anapitia yote yenye mwisho wa Kiitaliano, Clara, Louisa, Amanda, Atala. Galsuinde linamvutia, Yseult na Léocadie zaidi. Mume anataka mtoto apewe jina la mama yake mzazi, Emma hataki kusikia. Wanaulizwa majirani. Homais, mfamasia, ye watoto wake amewapa majina kama anaandika risala: Napoléon kwa ajili ya utukufu, Franklin kwa ajili ya uhuru, Irma pengine kuwaridhisha wapenda mahaba, Athalie kwa heshima ya tamthilia ya Racine. Kijana Léon anashangaa kwa nini wasichague Madeleine, ndo fasheni ya wakati huo. Na mwisho wa yote Emma anachukua Berthe. Kwa nini? Kwa sababu aliwahi kualikwa dansi kwenye kasri la tajiri na akamsikia mke wa tajiri akimwita msichana mmoja Berthe. Yaani hakumchagulia mtoto jina, alijikatia tiketi ya kurudi kwenye ile sherehe. Na mtoto mwenyewe mwisho wa kitabu, wazazi wamekufa, anapelekwa kwa shangazi masikini anayemtuma kiwandani cha pamba kutafuta chakula.

Hugo naye aliliona, ila ye anacheka. Wale wenye hoteli wanaomtesa Cosette, mama mwenye nyumba ni msomaji wa riwaya za bei rahisi, ndo maana binti zake wanaitwa Éponine na Azelma, mdogo aliponea chupuchupu kuitwa Gulnare. Na Hugo anaongezea kwamba zama zake mchunga ng'ombe unamkuta anaitwa Arthur au Alphonse, wakati mtoto wa bwana mkubwa ni Pierre au Jacques, wamebadilishana. Nikisikia watu wanacheka majina ya uswahilini au ya Kinshasa namkumbuka Hugo, hii sinema ni ya 1862.

Ila usidhani nakukataza vitabu. Kuna aliyefanya vizuri tu: Bernardin de Saint-Pierre alitoa Paul et Virginie 1788, mapenzi ya watoto wawili kwenye kisiwa cha Mauritius, bahari yetu hiihii, Virginie anakufa meli inapozama mbele ya macho ya Paul kwa sababu aliona haya kuvua nguo ili aogelee. Watu walilia nchi nzima. Na mwandishi mwenyewe alipopata watoto akawaita Virginie na Paul. Kwa leo lakini Virginie siyo, Ufaransa hilo ni jina la kina mama waliozaliwa miaka ya 1970, binti yako ataonekana mhasibu akiwa bado ananyonya.

Kwa upande wa maneno matupu, maua na matunda, kuna njia moja watu wanaisahau nayo ni kalenda ya Mapinduzi. Walipoifuta kalenda ya kanisa 1793 waliondoa watakatifu na kila siku wakaipa mmea, siku za tano tano mnyama, na za kumi kumi chombo cha kazi. Aliyetunga majina ya miezi ni mwandishi wa tamthilia, Fabre, ambaye jina lake alilipamba mwenyewe kwa waridi mwitu akajiita Fabre d'Églantine, na 1794 wakamkata kichwa pamoja na Danton, mmoja wa vigogo wa Mapinduzi hayo. Nawe unajifungua mwisho wa Aprili, hiyo inaangukia mwezi wa Floréal, mwezi wa maua, ulioanza tarehe 20 Aprili. Floréal lenyewe ni jina la kiume, lilipendwa na familia za mrengo wa kushoto, adimu hasa, na Tanga watalisema Floreali kama wamezaliwa nalo. Tarehe 20 ni Rose, 25 ni Ancolie, ua la bluu lenye vichwa vimeinama, 26 ni Muguet. Ancolie ningemfikiria. Ukijifungua tarehe 29 ni Râteau, reki ya bustani, na "kula reki" kwa Kifaransa ni kutongoza ukakataliwa, hiyo tuiache. Matunda nayo tuyaache, Cerise na Prune ni mazuri kwenye kitabu cha watoto lakini umeona yaliyoipata Fraise. Fleur usihangaike nalo, ile sauti ya katikati haipo Kiswahili, utapata Fla, Flea, Flewa, kila shangazi na yake, wakati Flora lipo siku zote.

Mapendekezo yangu basi. Msichana, la kwanza kabisa kwangu ni Sidonie. Colette, yule mwandishi, Colette ni jina la ukoo la baba yake, ye mwenyewe aliitwa Sidonie-Gabrielle, na mama yake Sidonie vilevile, ambaye nyumbani walimwita Sido na bintiye akamwandikia kitabu kizima 1930. Ni mama wa bustani, anayejua upepo unatoka wapi na maua yake yanataka nini, kwenye fasihi ya Kifaransa ambayo imejaa wanawake wanaokufa kabla ya sura ya mwisho yule ni mwanamke aliye hai. Lyon hutamsikia kila siku, Bukavu halitawashangaza, Tanga ni Sidonia, na kwa kifupi Sido, jepesi kuliko yote uliyoandika.

La pili Éponine, ndiyo, yule binti wa wenye hoteli, usishtuke. Kwanza ni yeye anayeikinga risasi isimpate Marius, kijana anayempenda, kwenye kizuizi cha barabarani cha Juni 1832. Pili jina ni la kale kuliko Hugo, Éponine alikuwa mke wa Sabinus, Mgalia aliyeasi Roma, akakaa naye mafichoni chini ya ardhi karibu miaka tisa na akamzalia huko watoto, walipokamatwa wakauawa kwa amri ya Vespasian. Kwa hiyo lina mguu mmoja nje ya riwaya, ndo tofauti yake na Cosette. Eponini, mama ataliweza.

Indiana la George Sand, 1832, nalo nalipenda maana shujaa wake ametoka kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion, na kinyume na kawaida ya zama zile hafi, anamalizia huko kisiwani na mwenzake wanatumia pesa yao kununua uhuru wa watumwa wazee na wagonjwa. Tatizo ni moja na unalijua, kofia na mjeledi wa yule Indiana Jones wa sinema. Watoto wa shule hawatamuacha.

Mvulana, mbali na Swann na Floréal, kuna Zadig. Voltaire, 1747, kijana mwenye hekima wa Babeli ambaye kila akitenda jema linamgeukia balaa lakini mwisho anakuwa mfalme na kumpata mpenzi wake. Wasomi hulihusisha na neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi Sadiki, sasa niambie Tanga kuna atakayeshindwa? Lyon watasema huyo ni wa Voltaire, Tanga watasema huyo ni Sadiki kaandikwa na Mzungu. Na Aimé, la Césaire, mshairi wa Martinique aliyeishi 1913 mpaka 2008, ni aliyependwa, shemeji atalikubali haraka kwa sababu kwao lipo. Aramis, la yule askari wa riwaya ya Dumas, lina wanaolipenda, mi linaninukia manukato yanayoitwa hivohivo.

Kuhusu karatasi. Mna siku 5 za kuandikisha pale manispaa ya mji aliozaliwa mtoto, siku ya kujifungua haihesabiwi, na mara nyingi ni baba anayekwenda, sasa hakikisha anakwenda na kikaratasi chako, nimeona baba amerudi na jina lake. Sheria inaruhusu majina zaidi ya moja, na jina lolote lililo kwenye cheti mtoto anaweza kulitumia kama la kila siku, hata la tatu. Andikeni kwa koma katikati, siyo kwa kistari, ukiweka kistari linakuwa jina moja refu na kila fomu ya maisha yake italidai zima. Kwa hiyo Sidonie, koma, Merveille, koma, jina la mama yako, na kila upande umepata wake, Tanga watamwita la bibi, Bukavu Merveille, shuleni Sidonie, ataitikia yote, watoto wetu wanajua hiyo.

Kama mtaamua Éponine mkazanie karani aweke alama juu ya E kubwa, kuna wanaoruka kwa sababu ni herufi kubwa, na ujue pia ikifika Tanzania kompyuta zitaifuta hiyo alama, kwa hiyo pasi ya huku na cheti cha huko vitatofautiana kidogo, tunza nakala ya cheti cha Kifaransa mahali pamoja na tiketi. Sidonie halina alama yoyote. Zadig pia halina, ila mwambie mama yako mapema kwamba linaandikwa na g, asije akaanza kutuma vifurushi kwa jina la Sadiki na posta ya Lyon ikavirudisha.